Penseli Ndani ya Bawa

Siku yangu ya tatu karakanani nilifuta jina la mtu. Nilikuwa nimepewa kipande cha msasa na ubavu mmoja wa bawa, nikaambiwa nitoe vanishi iliyochakaa. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Pangani, mtoto wa fundi wa madau, na mkono wangu ulifanya ulichozoea kufanya: kusugua hadi mti ung'ae. Nilipouinua ubavu kwenye mwanga nikaona mkia wa herufi ya penseli, na pembeni yake tarakimu mbili, 41. Yaliyobaki yote yalikuwa vumbi kwenye suruali yangu. Fundi wa mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto, aliandika jina lake mahali alipojua kitambaa kitapafunika. Likakaa salama zaidi ya miaka sabini, hadi nilipofika mimi.

Hakuna aliyenigombeza. Mzee anayesimamia kazi yetu alivuta kigoda, akautazama ule mkia wa herufi kitambo, kisha akanionyesha ubavu wa jirani ambao haukuwa umeguswa. Nao ulikuwa na maandishi. Tukaupiga picha, tukaandika namba yake daftarini, na mimi nikaenda nyumbani bila hamu ya kula. Tangu hapo nimekuwa nikijitolea Jumanne na Alhamisi katika makumbusho moja madogo ya ndege huku Uingereza. Makala haya nimemwandikia yeyote anayefikiria kushika kazi kama hii, awe Leicester au Nairobi, ili asijifunze kama nilivyojifunza mimi.

Ndege yetu ni Tiger Moth ya kampuni ya de Havilland. Ina bawa la juu na bawa la chini, viti viwili vilivyo wazi kimoja nyuma ya kingine, haina breki wala stata. Mtu husimama mbele akaizungusha propela kwa mkono. Ya kwanza iliruka tarehe 26 Oktoba 1931. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000, nyingine katika kiwanda cha magari cha Morris kule Cowley wakati wa vita, na maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili walijifunzia humo. Geoffrey de Havilland alipenda sana kuchunguza wadudu, ndiyo maana ndege zake nyingi ndogo zina majina ya nondo. Kwetu Afrika Mashariki ukoo huu si mgeni. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth, dada mkubwa wa hii yetu, na jina la mama huyo bado linatajwa kila siku na wanaopandia ndege uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara.

Kabla hamjashika spana, kaeni chini mjibu swali moja: ndege hii itaruka tena, au itasimama makumbusho? Watu hulikwepa swali hili kwa sababu jibu la pili linauma. Lakini kazi hizi mbili zinakwenda njia tofauti kabisa. Ndege ya kuruka, kila kinachotiliwa shaka kinatolewa kikawekwa kipya, na fundi mwenye leseni anatia sahihi, kwa kuwa roho ya mtu iko juu yake. Ndege ya makumbusho, cha zamani kinabaki maadamu kinaweza kubeba uzito wake chenyewe. Kikundi kinachosema “tuitengeneze kana kwamba itaruka, huenda siku moja” huishia kutupa vipande vya asili na ruhusa ya kuruka kisiipate. Nimeona mabawa yaliyotengenezwa kwa nia hiyo. Ni mazuri, yamenyooka, na hayana la kumwambia mtu.

Mkishaamua kwamba haitaruka, liandikeni jambo hilo kwenye ndege yenyewe. Bolti tuliyonunua duka la kawaida ili tu kushikilia kipande, au mti uliooza kwa ndani tukaubakiza, tunautia doa la rangi nyekundu mahali pasipoonekana na mgeni, kisha tunaandika daftarini. Miaka hamsini ijayo mtu anaweza kukifungua kifaa hicho akidhani ni kizima, akakifunga kwenye ndege yake inayoruka. Huyo hatutakuwepo kumwonya.

Baada ya hapo tafuteni karatasi. Ndege kama hii ina namba ya kiwandani, mara nyingi imegongwa kwenye kibati, na ikiwa ilitumikia jeshi au ilisajiliwa kiraia ina namba nyingine juu yake. Kwa ndege za Uingereza, makumbusho ya jeshi la anga kule Hendon yanatunza kadi zinazoonyesha ndege ilihamishwa lini kutoka kikosi hiki kwenda kile, na mamlaka ya usafiri wa anga ina rejista ya kiraia ya zamani ambayo mtu anaweza kuiangalia akiwa nyumbani. Msiridhike na hadithi ya aliyewauzia au kuwapa. Yetu tuliambiwa haijawahi kuanguka. Tulipovua kitambaa tukakuta mabomba mawili ya chuma karibu na gurudumu la kushoto yamekatwa na kuchomelewa upya, kazi safi kabisa, na pale pale tukajua imewahi kupiga chini.

Karatasi ndizo zitakazowaletea ugomvi wa rangi, nao ni ugomvi mzuri kuwa nao mapema. Ndege moja huishi maisha mengi. Hii ilianza ikiwa ya njano ya mafunzo ya jeshi, vita ilipokwisha ikauzwa kama nyingi zilivyouzwa, ikaingia klabu ya urushaji, ikapakwa bluu. Wengi wetu walitaka njano, kwa kuwa ndiyo mgeni anayoitarajia. Mimi na wengine watatu tukasema bluu ile imo bado kwenye mkia, imepakwa na mikono ya watu walioirusha. Tukiikwangua tutakuwa tumeondoa rangi ya kweli tukaweka ya kukisia. Ilichukua vikao vinne. Mwishowe mkia umebaki na bluu yake iliyopasuka, na kwenye kona moja tumesugua ngazi kwa ngazi kwa msasa laini, kipande kisichozidi kiganja, hadi zikaonekana duara ndani ya duara: bluu, chini yake rangi ya fedha, chini yake njano. Watoto hukipenda kile kiduara kuliko kitu kingine chochote kwenye ndege nzima.

Kamera ndiyo kifaa chenu cha kwanza. Kabla ya kulegeza skrubu moja, piga picha ya mbali, ya kati na ya karibu, ukiweka rula na kikaratasi chenye namba kando ya kitu. Halafu funga lebo kwa uzi. Utepe wa gundi usiutumie kabisa, maana ukikaa miaka miwili huacha utando usiotoka bila kuondoka na rangi. Skrubu za mfuniko mmoja zichomeke kwenye kipande cha boksi kilichochorwa umbo la mfuniko wenyewe, kila moja mahali pake, kwa sababu zinavyofanana machoni sivyo zilivyo kwa urefu. Na msifungue sehemu nyingine kabla hamjamaliza kuandika ile mliyoifungua. Furaha ya mwanzo ni kubwa, watu kumi na wawili, spana kumi na mbili, na kwa mwezi mmoja ndege imelala chini vipande vipande. Kisha mvua, harusi, magonjwa, mmoja kahama. Ndege nyingi kuukuu haziuawi na kutu. Zinafia kwenye maboksi.

Sasa hatari, na hapa naomba nisomwe taratibu. Geji na dira za zamani, hasa za kijeshi, huwa na rangi iliyokuwa iking'aa gizani, na rangi hiyo mara nyingi ina radiamu. Leo haing'ai tena, imegeuka ya kahawia, na mtu hudhani imekufa. Kilichochoka ni kile kinachotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize vumbi. Mtafute mwenye kipima mionzi, ziwekwe kwenye kabati lenye hewa inayopita, na mshauri wa mionzi aseme kipi kirudi kwenye dashibodi na kwa namna gani. Kuzunguka mabomba ya moshi na ukuta unaotenganisha injini na rubani kunaweza kuwa na asbesto. Hiyo ni kazi ya wenye leseni. Bolti nyingi za zamani zimepakwa kadmiamu, na mwenye haraka huzipiga brashi ya waya akavuta sumu bila kujua. Rangi za zamani zina madini ya risasi. Gluvu na barakoa ya kweli, ile yenye kichujio, zinunuliwe kabla ya rangi na vitambaa.

Kuna pia dopu, kimiminika kinachopakwa juu ya kitambaa cha ndege kikakikaza kama ngozi ya ngoma. Dopu ya zamani ya naitreti inawaka vibaya sana. Mzee wetu huwapeleka wageni wote wa karakana uwanjani, mbali na jengo, akawasha ukanda wa kitambaa kikuukuu usiozidi urefu wa kalamu. Hujafika kuhesabu mbili, umekwisha. Baada ya hapo hakuna anayesahau kutia mabaki ya kitambaa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, nje.

Nije kwenye mbao, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndiyo ninayoipenda. Kiwiliwili cha Tiger Moth ni mabomba ya chuma, lakini mabawa ni mti: boriti mbili ndefu za sprusi, na mbavu nyembamba zilizopangwa juu yake, ambazo baba yangu angeziita mataruma bila kuuliza. Mara ya kwanza kuliona bawa lililovuliwa nguo nilisimama nikaliangalia kama anavyoangalia mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Tofauti yake na dau ni kwamba dau linajengwa liwe zito la kutosha kulala juu ya maji, na hapa kila gramu imepimwa. Ubavu mzima unaubeba kwa vidole viwili.

Adui wa bawa ni unyevu. Ndege nyingi za zama zile ziligandishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa, nayo ikinyonya maji huota ukungu na kuachia. Macho hayatoshi kuiona. Gonga kiungo polepole kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza: kizima kinajibu kwa mkato, kilichoachia kina sauti pana kama ya debe. Pitisha taa ya tochi ubavuni, iwe imelala, ili kivuli kionyeshe ufa. Kisha jaribu kwa wembe mwembamba, bila kulazimisha. Mahali palipoachia bila kuoza, safisha, tia gundi mpya, bana. Kwenye kazi ya makumbusho mimi hupendelea gundi ya kiseremala ya ngozi ya mnyama, kwa sababu atakayekuja baada yangu akiniona nimekosea ataweza kuifungua kwa joto na maji. Gundi za kisasa za kugandisha milele ni nzuri kwa ndege inayoruka. Hapa zinamfunga mwenzio.

Mahali palipooza kabisa, kata kidogo kuliko unavyotamani. Kiungo cha mshazari chenye mlalo wa 1 kwa 12 ndicho kinachotumika kwenye ndege: unene wa sentimita 2, mshazari wa sentimita 24. Kinachukua muda kukiranda, na randa isiyonolewa itakusaliti kwenye ncha. Kipande ulichokitoa usikitupe. Kina lebo, kina boksi. Na kipande kipya ukiandike kwa penseli mwaka wake, mahali ambapo kitambaa kitapafunika. Mbavu zetu nne mpya zote zimeandikwa mwaka na neno “mpya”. Sikuziacha zifanane na za zamani kwa rangi. Anayejua mti atazitofautisha kwa kutazama tu, na asiyejua ataikuta penseli.

Kitambaa cha asili ni kitani. Kinavishwa kama foronya, kinashonwa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta, sindano ndefu ikipita juu hadi chini na kurudi, fundo baada ya fundo, kisha ukanda unabandikwa juu ya mishono. Pima umbali wa mafundo ya zamani kabla hujavua, maana ndio ramani yako. Wawili hushona pamoja, mmoja juu ya bawa mmoja chini, na asiyeona sindano inakotokea hujifunza kumsikiliza mwenzake. Kipo kitambaa cha polista kinachokazwa kwa pasi, hakinyonyi unyevu, kinadumu. Mwenye ukumbi wenye unyevu mwingi namwelewa akikichagua. Kwetu tulichagua kitani, kwa sababu mgeni akisogeza uso karibu anauona uzi. Kwenye bawa la chini la kulia hatukuvisha kitu kutoka ubavu wa tatu hadi wa sita. Hapo ndipo penseli ya ule ubavu wa jirani inaonekana, nyuma ya kioo chembamba, na ule ubavu wangu wenye mkia wa herufi uko pembeni yake.

Kuhusu injini nitasema machache. Wapo wajuzi kuliko mimi. Gipsy Major ya nguvu farasi 130 imewekwa kichwa chini, silinda zikielekea ardhini, hivyo oili hushuka ikajaa humo ndege ikisimama. Injini iliyolala miaka usiizungushe kwa nguvu kutaka kujua kama imeshika. Toa plagi, tia oili nyepesi, ngoja siku kadhaa, ndipo uisogeze kwa mkono. Na tangi la petroli lililo tupu liogopeni kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wake ndio unaolipuka. Lisafishwe na anayejua kabla mtu hajawasha chochote karibu nalo.

Watu ni kazi ngumu kuliko mbao. Wengi wanaofika mlangoni kwetu husema, “Mimi sijui ufundi.” Waambieni wakae. Anayejua kuandika vizuri apewe daftari, anayejua cherehani apewe kitani, kijana wa shule apewe kamera na majina ya vipande. Mama mmoja aliyestaafu uuguzi ndiye mwandishi wetu wa kumbukumbu, na hajawahi kukosa kipande kwa sababu alizoea mafaili ya wagonjwa. Mkate bima kabla ya siku ya kwanza. Funguo ziwe na watu wawili. Msimwachie mtu mmoja ujuzi wa kitu chochote. Kila anayejua jambo awe na mwanafunzi wake, hata kama mwanafunzi ana miaka sitini. Na fedha zikichangwa, zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Vikundi vingi vimevunjika kwa bei ya kopo la vanishi ambalo hakuna aliyelihesabu.

Watafuteni wazee wangali hai. Alikuja kwetu mzee aliyejifunzia Tiger Moth akiwa kijana, akiwa sasa anatembelea fimbo mbili. Tukampandisha kwenye kiti cha nyuma, kiti cha mwanafunzi, kazi iliyohitaji watu wanne na ngazi. Zamani mwalimu aliyekaa mbele aliongea na mwanafunzi kwa bomba la kupitishia sauti, bila umeme wowote, na sisi tulikuwa tumelifunga kufuata mchoro. Mzee alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe, ukashika hewa. Akaupeleka tena, pale pale. Baada ya kumshusha, mwenzetu mmoja aliinama na tochi akapata matundu mawili madogo ya skrubu yaliyozibwa na rangi, mahali hasa mkono ulipokwenda. Tulilihamisha bomba wiki ile ile. Mzee tulimrekodi saa tatu nzima siku nyingine, na ningetamani tungelifanya hivyo miaka mitano kabla.

Siku ndege itakapoingia ukumbini, msidhani kazi imekwisha. Iwekeni mbali na jua la dirishani, kwa sababu linakausha kitani na kupausha rangi. Unyevu wa ukumbi usipande na kushuka. Kubadilika ndiko kunakopasua mti. Tegemezeni ekseli kwa vigoda ili matairi yasibebe uzito wote mahali pamoja. Panya huingia kwa njia ya mkia, hivyo kila wiki mtu mmoja apige magoti na tochi atazame ndani. Na wekeni trei ya bati chini ya injini. Mtakuwa mmeitoa oili yote, mmefuta kila silinda, na bado itadondosha. Trei ifutwe kila mwezi, kiasi cha oili kiandikwe daftarini pamoja na tarehe, na aliyeifuta aandike jina lake.